Wakulima wa 1892 Walijua Hesabu

Katika simulizi la ukuaji wa Marekani baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, kila mtu ana nafasi yake: Carnegie na chuma, Rockefeller na mafuta, wahamiaji wakishuka melini New York. Wakulima wa Kansas, Nebraska na Georgia hupewa nafasi ya mshamba. Waliiona reli wakaogopa, wakaunda chama chao cha People's Party, wakadai sarafu za madini ya fedha kama dawa ya kila ugonjwa, wakashindwa 1896, nchi ikasonga mbele.

Hoja za wanaowabeza hazina wepesi. Nchi iliyokuwa na watu milioni 38 mwaka 1870 ilifikisha milioni 76 mwaka 1900, na bila reli, sehemu kubwa ya ardhi ya magharibi isingelimwa kabisa. Bei ya ngano ilishuka kwa kuwa ngano ilijaa: mashine za kuvunia, meli za mvuke, na mashamba ya Urusi, India na Argentina yaliyogombea wanunuzi walewale wa Liverpool. Nauli za mizigo nazo zilishuka. Kibarua wa Pittsburgh alifurahia mkate wa bei nafuu, na kupandisha bei kwa makusudi kungekuwa kumpunguzia mshahara. Tena rehani nyingi za magharibi zilikuwa za miaka michache tu, hivyo mkopaji hakufungwa maisha kwenye deni la zamani. Hii ya mwisho ndiyo nzito kuliko zote.

Sasa shika kalamu. Mkulima aliyekopa dola 1,000 wakati busheli ya ngano, yaani kilo 27 hivi, inauzwa dola moja, alidaiwa busheli 1,000. Bei ilipofika kama senti 50 mwaka 1894, deni lilelile lilikuwa busheli 2,000, riba bado. Hakukopa tena, hakulewa, hakulala. Njia aliyobaki nayo ni kulima zaidi. Majirani zake wakafanya hivyohivyo, na bei ikashuka tena. Dola ilikuwa imefungwa kwenye dhahabu, na dhahabu haikuongezeka kwa kasi ya watu na biashara. Kila mwaka mkopeshaji alirudishiwa dola zilezile kwa idadi, ila kila moja ikiwa na nguvu zaidi. Na kuhusu ile rehani fupi: ikifika mwisho hujalipa, inaandikwa upya, na anayetaja masharti ni mwenye pesa.

Kusini hata rehani ya shamba ilikuwa anasa. Huko palikuwa na duka. Mkulima wa pamba, mweusi kwa mweupe, alichukua mbegu, unga wa mahindi na nyama ya nguruwe kwa mkopo, akiweka dhamana mazao ambayo hayajaota. Bidhaa moja ilikuwa na bei mbili, ya taslimu na ya mkopo. Mwenye duka ndiye aliyeshika daftari, mara nyingi ndiye aliyeamua kilimwe nini, na msimu ukiisha ndiye aliyepokea pamba. Mwaka 1894 ratili moja ya pamba haikufika senti 6. Salio lililobaki lilihamia msimu uliofuata, duka lilelile.

Ilani ya People's Party waliyoipitisha Omaha, mji wa Nebraska, Julai 1892, haimwonyeshi mtu anayeogopa mashine. Walitaka reli ziwe mali ya serikali, kodi ya mapato izidi kupanda kwa mwenye kipato kikubwa, na benki za akiba za posta. Charles Macune, kiongozi wa vyama vya wakulima, alikuwa ameshapendekeza mkulima aweke mazao kwenye ghala la serikali, akopeshwe hadi asilimia 80 ya thamani yake, asubiri bei nzuri. Mkulima wa korosho wa Mtwara anayejua stakabadhi ghalani hahitaji maelezo zaidi. Kodi ya mapato na uchaguzi wa maseneta kwa kura za wananchi, jambo jingine walilolipigania, viliingia kwenye katiba mwaka 1913.

Kwenye sarafu ya fedha, iliyokusudiwa kuongeza pesa mikononi mwa watu, sina utetezi mkubwa. Mwaka 1896 walikubali kumezwa na chama cha Democratic na mgombea wake wa urais William Jennings Bryan, kijana wa miaka 36 aliyetikisa ukumbi wa Chicago kwa hotuba yake ya msalaba wa dhahabu. Ilani nzima ya Omaha ikanywea hadi dai moja: madini ya fedha yafanywe sarafu kwa uwiano wa wakia 16 za fedha kwa wakia 1 ya dhahabu, ilhali sokoni uwiano ulikuwa karibu 30 kwa 1. Waliohofia kwamba watu wangelipa kwa fedha hiyo rahisi na dhahabu ikakimbia nchi walikuwa na sababu.

Lakini tazama kilichofuata. Migodi ya Witwatersrand, Afrika Kusini, na baadaye Klondike, Kanada, ilimwaga dhahabu duniani. Bei zikaanza kupanda, na mkulima wa Marekani akapumua. Walichosema wakulima, kwamba pesa haba humkaba mdeni, kilithibitishwa na dhahabu yenyewe ya wapinzani wao. Rais McKinley, aliyemshinda Bryan, alivuna sifa za neema ambayo sehemu yake ilichimbwa na vibarua weusi wa Transvaal, kwenye migodi hiyo ya Witwatersrand.

Anayetaka kuwalaumu kwa haki atafute kwenye rangi. Tom Watson wa Georgia, mwanasiasa wa People's Party aliyewaambia wakulima weusi na weupe mwaka 1892 kwamba wanatenganishwa ili waibiwe, alimalizia akihubiri chuki dhidi ya weusi. North Carolina muungano wa People's Party na Republican ulishinda 1894, na mwaka 1896 George Henry White, mtu mweusi, akachaguliwa kwenda bungeni Washington. Novemba 1898 weupe wenye silaha walipindua serikali ya mji wa Wilmington na kuua raia weusi. Mwaka 1900 jimbo likawawekea wapiga kura mtihani wa kusoma na kodi, ili kuwazuia weusi. White aliondoka bungeni Machi 1901. North Carolina haikumchagua mbunge mwingine mweusi hadi 1992.