Fundi Anayeanza na Taimingi, Mwambie Afunge Mkoba

Mashine ya kudarizi ikianza kukata uzi, mwenye karakana huwa ameshatoa hukumu kabla fundi hajafika: "Taimingi imeondoka," yaani sindano na ndoana, kile kifaa cha chini kinachounasa uzi, hazikutani tena kwa wakati wake. Na wapo mafundi wanaolipenda neno hilo, kwa sababu linawapa ruhusa ya kulala chini ya mashine na kulegeza skrubu saa mbili nzima huku mteja akitazama. Kwa maoni yangu, hakuna desturi inayoharibu mashine nyingi kuliko hiyo.

Taimingi haiondoki yenyewe usiku mashine ikiwa imezimwa. Ndoana inayozunguka chini ya bati la sindano imebanwa na skrubu kwenye shafti yake. Ili ihame, lazima kuwe na sababu: sindano imegonga fremu inayobana kitambaa, uzi umejikusanya chini kama kiota cha ndege na mtu akaulazimisha utoke, sindano imepiga zipu au mshono mnene wa jinzi, au kuna aliyepita hapo na bisibisi. Muulize mwendeshaji, tena muulize kwa upole, maana aliyegonga fremu mara nyingi hataki kusema. Kama hakuna lolote kati ya hayo lililotokea, iache ndoana ilivyo.

Kabla ya kugusa chochote, uliza: uzi unakatika wapi? Kichwa kimoja cha mashine, yaani sehemu moja inayoshona, chenye sindano 15 kina ndoana moja tu, nayo inazihudumia sindano zote. Kwa hiyo kama ni sindano namba 4 peke yake inayokata na nyingine zinashona vizuri, ndoana haina kosa. Kosa liko kwenye njia ya uzi wa namba 4, kuanzia koni hadi jicho la sindano. Kama sindano zote za kichwa hicho zinakata, hapo ndipo unapokagua vitu vinavyotumiwa na zote: bobini yenye uzi wa chini, kikopo chake, bati la sindano na ndoana. Na kama mashine ina vichwa sita na vyote vinakata pale pale, kwenye herufi ile ile, kosa limo ndani ya faili la dizaini. Hata ukibadilisha ndoana zote sita, herufi hiyo itaendelea kukata uzi. Swali hili moja linaokoa nusu ya siku, na halihitaji kifaa chochote.

Sasa sindano, kwa sababu hapa ndipo kesi nyingi zinapoishia. Mashine nyingi za biashara, za Tajima ya Japani na zile za China zilizojengwa kwa mtindo wake, hutumia sindano ya DBxK5, na saizi ya kazi za kila siku kwa uzi namba 40 ni 75/11. Madukani ipo pia DBx1 ya cherehani za viwandani za mshono wa kawaida. Mguu wake, yaani sehemu ya juu inayokazwa, ni ule ule, inaingia bila shida, na mara nyingi ni rahisi kuipata. Lakini jicho lake ni dogo. Uzi wa kudarizi unapita kwa kasi ya mishono 800 au zaidi kwa dakika, unasuguliwa pale pale, unachanika nyuzinyuzi, halafu unakatika. Mwenye mashine anasema uzi ni feki. Wakati mwingine kweli ni feki, lakini soma kwanza pakiti ya sindano.

Sindano isukumwe hadi juu kabisa kabla ya kukazwa, jicho likitazama mbele na ule mbonyeo juu ya jicho ukitazama nyuma, upande wa ndoana. Ikikaa chini hata kwa milimita moja, ndoana inaukosa uzi na mashine inaruka mishono, na fundi mwenye haraka ataiita taimingi. Ukitilia shaka ncha, ipitishe kwenye soksi nyepesi ya nailoni: ikikwaruza, itupe. Usisubiri sindano ivunjike ndipo uibadilishe.

Baada ya sindano, kikopo cha bobini. Shika uzi, kiache kikopo kining'inie, kisha utikise mkono kidogo. Kinatakiwa kishuke sentimita chache na kusimama. Kikiporomoka hadi chini, kimelegea. Kisiposhuka kabisa, kimekazwa mno. Mwenye kipimo cha tensheni, yaani mkazo wa uzi, atafute gramu 18 hadi 22 hivi kwa bobini ya saizi L. Halafu shona herufi nene na uigeuze nguo: mgongoni uzi mweupe wa bobini uonekane katikati, kama theluthi moja ya upana, na rangi ikae pande zote mbili. Ukiona rangi tupu mgongoni, juu kumelegea au chini kumekaza. Ukiona weupe ukichungulia upande wa mbele, kinyume chake.

Kosa la kawaida linaanzia hapo. Mwendeshaji anaona weupe juu, anaanza kulegeza vifundo 15 vya tensheni, kimoja baada ya kingine, hadi jioni hakuna anayejua kipi kilikuwa wapi. Kumbe chini ya ile chuma nyembamba inayobana uzi kwenye kikopo kuna pamba imejisokota na kuilegeza. Pitisha kona ya kadi ngumu hapo, itoe pamba, pima tena. Kikopo ni kimoja, vifundo ni 15. Anza na kilicho kimoja.

Ikiwa mashine inasimama na kudai uzi umekatika ilhali haujakatika, usipoteze muda huku chini. Tazama kigurudumu kidogo kinachozungushwa na uzi, na ile springi ya kuukagua. Pamba ikiziba kigurudumu kisizunguke, kompyuta inaamini uzi haupo.

Sasa tuseme kweli fremu iligongwa. Taimingi irekebishwe, ila kwa utaratibu. Piga picha ya ndoana ilivyo kabla ya kulegeza chochote. Weka sindano mpya, toa bati la sindano, toa kikopo, safisha. Zungusha shafti kuu kwa mkono ukitazama digrii za mzunguko wake: kwenye mashine za mtindo wa Tajima, ncha ya ndoana inatakiwa ifike nyuma ya sindano shafti ikiwa karibu na digrii 201. Mashine nyingine zina namba zao, na kitabu chake ndicho cha kufuatwa. Nafasi kati ya ncha na sindano iwe milimita 0.1 hadi 0.3. Ncha ikigusa sindano, itachongeka na kuanza kukata uzi. Ikiwa mbali, itaruka mishono. Halafu angalia ule mkono unaozuia kitovu cha ndoana kisizunguke: kati yake na kitovu paachwe kama milimita 0.5 hadi 1, uzi upite. Wengi husahau hapo, wakakaza kila kitu vizuri kisha wakashangaa uzi bado unakatika.

Ukimaliza, usijaribu sindano moja tu. Jaribu namba 1, ya katikati na namba 15. Ikiwa moja peke yake haikutani vizuri na ndoana, rekebisha urefu wa fimbo ya sindano hiyo na uiache ndoana. Ukiisogeza ndoana kuifurahisha sindano moja, umeziudhi 14.

Dizaini nayo ina lawama yake, na hapa fundi asione haya kusema. Nembo ya shule yenye ngao, kitabu, mwenge na kaulimbiu ya herufi za milimita 3, yote katika sentimita 7, haitashoneka kwa uzi namba 40 hata mashine ikiwa mpya. Herufi ndogo hivyo zinataka uzi mwembamba zaidi, namba 60, na sindano 65/9, au kaulimbiu iondolewe. Umbali wa kawaida kati ya mistari ya mishono kwa uzi 40 ni karibu milimita 0.4. Aliyepunguza nembo kubwa kwenye kompyuta bila kupanga upya mishono anaifanya sindano ipige pale pale mara nyingi, na kitambaa kinakuwa kigumu kama ubao. Sindano inapata moto, uzi wa poliesta unayeyuka.

Mafuta: tone moja kwenye njia ya ndoana kila baada ya saa chache za kazi, mafuta meupe ya cherehani. Kwenye hewa ya chumvi ya Mombasa, Unguja au Dar es Salaam, ndoana isiyopakwa itaota kutu mapema. Ila ukimimina, kanzu nyeupe ya harusi itapata doa kifuani, na hakuna maelezo yatakayompoza mwenye kanzu. Baada ya kupaka, shona kwanza kwenye kitambaa chakavu. Umeme wetu nao unajulikana: weka stabilaiza na waya wa ardhi uliofungwa kweli, si ule uliofungwa kwenye msumari ukutani.

Linabaki suala la malipo. Wenye karakana wengi hawaoni shida kumlipa fundi aliyefungua mashine nzima, lakini wananuna wakimlipa aliyebadilisha sindano na kusafisha kikopo kwa dakika 20. Kwa namna hiyo tunawafundisha mafundi kulegeza skrubu zisizohusika. Kubalianeni ada ya ukaguzi kabla hajatoka kwake, ilipwe hata kama tatizo ni pamba tu, na vipuri vihesabiwe kando. Akiigusa ndoana, aandike tarehe, kichwa na digrii aliyoiacha kwenye karatasi, aibandike ndani ya mfuniko wa mashine. Fundi ajaye ataisoma kabla hajatoa bisibisi.