Mguu kwanza, kosa baadaye

Ajali ikitokea barabara ya Tabora kwenda Nzega, au pikipiki ikigongana na baiskeli jioni pale Isevya, umati unaokusanyika huwa na swali moja: nani mwenye kosa? Wengine wanasema baiskeli haikuwa na taa, wengine wanaapa bodaboda alikuwa anakimbiza, na aliyevunjika mguu bado yuko chini. Nimesimama kwenye umati wa namna hiyo zaidi ya mara moja. Kinachonisumbua ni kwamba sheria yetu ya bima nayo inauliza swali hilohilo, kwa mpangilio uleule.

Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamtaka mwenye chombo cha moto awe na angalau bima ndogo, yaani ile ya mtu wa tatu. Wengi wetu tunaiona kama stika ya kumwonyesha trafiki, lakini iliwekwa kwa ajili ya majeruhi. Ila ili alipwe, lazima kwanza dereva aonekane na kosa. Hapo ndipo safari inapoanza: PF3, yaani fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, trafiki waje wapime, gari likaguliwe, kesi iende mahakamani, hukumu itoke, daktari aandike kiwango cha ulemavu, ndipo madai yapelekwe kwa kampuni ya bima. Dereva akikiri kosa na kulipa faini, ile faini inaingia serikalini. Majeruhi anachopata siku hiyo ni haki ya kuomba nakala ya hukumu.

Si ajabu basi kwamba watu wengi huona heri kumalizana. Familia mbili zinakaa, mwenye pikipiki anatoa cha dawa na cha pole, karatasi inasainiwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na bima iliyolipiwa mwaka mzima haiguswi.

Wapo waliojaribu njia nyingine, bima isiyouliza kosa. Jimbo la Massachusetts huko Marekani lilianza mwaka 1971, New Zealand mwaka 1974, Quebec ya Kanada mwaka 1978. Taratibu zao zinatofautiana, lakini wazo ni moja: ukiumia barabarani unatibiwa na kulipwa bila kwanza kumtafuta mkosaji. New Zealand, mfanyakazi aliyeumia hulipwa asilimia 80 ya kipato chake kila wiki baada ya wiki ya kwanza, hadi aweze kurudi kazini. Badala yake anapoteza haki ya kumshtaki aliyemuumiza ili amlipe fidia ya majeraha. Ni mapatano: chukua mapema, achana na kesi.

Uzito wa mapatano hayo unaonekana vizuri zaidi kwa mkulima wa tumbaku wa Urambo au Sikonge kuliko kwa mtu wa ofisini. Mkulima huyu amechukua pembejeo kwa mkopo kupitia chama chake cha ushirika. Miche iko kitaluni, mvua zinaanza, Novemba anatakiwa kupandikiza. Akigongwa wiki hiyo akavunjika paja, hajapoteza mwezi mmoja wa kazi, amepoteza msimu mzima, na deni la mbolea liko palepale. Fidia ikimfikia baada ya miaka miwili, hata kama ni kubwa, itamkuta ameshauza ng'ombe, pengine na sehemu ya shamba, na mtoto ameshaacha shule. Kwake, fedha kidogo ya Desemba ina thamani kuliko fedha nyingi za mwaka wa tatu. Hesabu hii haionekani kwenye hukumu yoyote.

Na hapa kuna jambo ambalo nashangaa halisemwi mara nyingi. Tanzania tayari ina fidia isiyouliza kosa. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015, humlipa mfanyakazi aliyeumia kazini bila kumtaka athibitishe uzembe wa mwajiri. Chukua lori lililobeba mitumba ya tumbaku kwenda Morogoro. Likimgonga mwenda kwa baiskeli na kupinduka, dereva aliyeajiriwa ana Mfuko wa kumtibu na kumlipa. Mwenye baiskeli, mtu asiyekuwa na mwajiri, ndiye anayeambiwa alete ushahidi. Watu wawili, ajali moja, na mlango wa mnyonge ndio mwembamba zaidi.

Hata hivyo wanaopinga wana hoja ambazo siwezi kuzipuuza. Ya kwanza ni ya haki yenyewe. Mwambie mama aliyefiwa na mtoto kwamba dereva mlevi aliyemgonga naye anatibiwa na kulipwa na mfuko uleule. Nani atamlaumu akikasirika? Mahakama kutamka wazi kwamba fulani alikosa ni sehemu ya kumponya mfiwa, na hakuna fomu ya bima inayoweza kufanya kazi hiyo.

Ya pili ni gharama. Jimbo la Michigan liliahidi matibabu ya maisha yote bila kikomo kwa majeruhi wa magari, na ada za bima zikapanda kufikia miongoni mwa zile za juu kabisa Marekani, mpaka sheria ikabadilishwa mwaka 2019. Sisi tuna bodaboda ambao kulipia hata bima ndogo ni mtihani, na ada ikipanda wengi watazidi kukwepa. Namibia ilipita kwingine: mfuko wake wa ajali za magari, uliowekewa sheria mpya mwaka 2007, unategemea tozo ya mafuta na kuwahudumia majeruhi bila kujali nani alisababisha. Njia hiyo inamfikia hata aliyegongwa na gari lililokimbia bila kusomwa namba, mtu ambaye kwetu hana bima ya kuidai. Lakini mafuta yetu tayari yanabeba tozo ya Mfuko wa Barabara na nyinginezo, na kila shilingi inayoongezwa kwenye lita inarudi kwenye nauli ya Kaliua na bei ya gunia la mahindi.

Ya tatu ni udanganyifu. Kosa lisipoulizwa, aliyeanguka kutoka juu ya mwembe anaweza kuja na habari ya pikipiki. Hii naiona hoja dhaifu kidogo, kwa kuwa hata sasa karatasi za uongo zipo, na ukaguzi wa polisi wa kwamba ajali ilitokea kweli utabaki.

Nikipima yote, sitaki tuige New Zealand nzima na kumfungia mfiwa mlango wa mahakama. Ninachotaka ni kutenganisha mambo mawili tuliyoyafunga pamoja. Matibabu na riziki ya miezi mitatu ya mwanzo vilipwe na bima ya chombo kilichohusika mara ajali inapothibitishwa, kwa kiwango kimoja kilichopangwa. Nasema kimoja kwa sababu bodaboda anayepeleka hesabu kwa tajiri kila jioni hana hati ya mshahara, na tukianza kubishana kuhusu kipato chake tutakuwa tumerudi kulekule kwenye kusubiri. Mlevi atibiwe, lakini fedha ya riziki asipewe. Fidia kubwa ya ulemavu na kifo ibaki kwenye kosa, kama ilivyo sasa.

Kampuni iliyokwisha kulipa ipewe haki ya kumfuata mkosaji au bima yake. Swali la nani alikuwa upande wa nani wa barabara lihamie huko, kati ya wenye mawakili na wenye muda, wakati mkulima yuko nyumbani na bandeji yake, na kibarua aliyelipwa kwa fedha ile yuko shambani anapandikiza miche.