Kupima mto mara moja hakutoshi

Kila unapotajwa mpango wa kuwatoa wanafunzi wa sekondari darasani wakapime maji ya mto au ziwa kwa mikono yao, watu hugawanyika. Wapo wanaoamini hakuna somo la sayansi linalolishinda hilo. Wapo pia wanaouliza muhtasari utamalizika lini, na mtoto akiteleza kwenye mawe nani atajibu.

Hawa wa pili hubezwa bure, kwa sababu hoja yao ina uzito. Chukua Ziwa 226 lililoko Ontario, Kanada. Mwaka 1973 watafiti waliligawa kwa pazia. Pande zote mbili walitia kaboni na naitrojeni, kisha upande mmoja wakauongezea fosforasi. Huo wenye fosforasi ukageuka kijani kwa mwani. Picha yake iliyopigwa kutoka angani humweleza mwanafunzi chanzo cha mwani kujaa majini kwa dakika kumi, bila basi wala barua ya ruhusa. Kwa nini basi apoteze siku nzima akitafuta jibu hafifu kuliko hilo?

Nakiri kwamba kwa kufundisha jibu, picha inatosha. Isichoweza kufundisha ni jinsi jibu lilivyo gumu kupatikana. Vikundi vitatu vikichovya karatasi za kupimia pH, yaani kiwango cha asidi, mahali pamoja, kimoja kinaweza kusoma 6.5, cha pili 7 na cha tatu 7.5. Kwenye kipimo hicho namba ndogo ndiyo yenye asidi zaidi, na hatua moja nzima ni tofauti ya mara kumi, kwa hiyo kikundi cha kwanza kinadai maji yana asidi mara kumi ya kile cha tatu, na wote wamesimama ukingo uleule! Nani kasoma rangi kivulini? Nani kaitoa karatasi mapema? Ubishi wa namna hiyo haupatikani kitabuni, nami nauthamini kuliko namba yenyewe.

Wadudu nao hufundisha kwa namna yao. Mwanafunzi akigeuza jiwe akakuta wachanga wa Ephemeroptera, jamii ya wadudu wanaokulia majini, wenye mikia myembamba na matamvua ubavuni, amekutana na viumbe ambao wengi wao hawavumilii maji machafu. Akichota tope akapata mabuu mekundu tu, ajiulize wekundu huo watoka wapi. Ni himoglobini, protini nyekundu inayobeba oksijeni, inayowasaidia kuishi mahali penye oksijeni haba.

Hata hivyo, wanaotetea mipango hii nao wana kosa, na kwangu ndilo kubwa zaidi: kuridhika na ziara moja. Mfikirie mto uliojaa mwani kwa sababu ya mbolea inayotiririka kutoka mashambani. Wanafunzi wafike saa saba mchana, jua likiwa kali. Mwani unatengeneza oksijeni kwa kasi, na kipimo kinaweza kupita miligramu 9 kwa lita, kiasi ambacho maji ya nyuzi 20 hubeba kwa kawaida. Wataandika kwamba mto una afya. Laiti wangefika alfajiri, baada ya mwani na bakteria kuitumia oksijeni usiku kucha, huenda wangekuta samaki wakihema juu ya maji. Ziara hiyo moja, kwa vifaa vizuri na nia njema, imewafundisha uongo. Afadhali wangebaki na picha ya Ziwa 226.

Kwa hiyo naunga mkono mpango wenye vifaa vichache lakini unaorudi palepale, kwa saa na misimu tofauti. Kisahani cha Secchi, kilichobuniwa na Angelo Secchi mwaka 1865, ni bamba linaloshushwa majini kwa kamba mpaka lisionekane, ili kupima uangavu wa maji. Ziwani, kikitumiwa kila mwezi kwa miaka mitatu, kitasema mengi kuliko mashine ya bei kubwa iliyowashwa mara moja. Takwimu za namna hiyo hata mtaalamu atazitazama, mradi tarehe, saa na hali ya hewa viandikwe kila mara.

Suala la usalama halina mjadala mrefu. Penye konokono wa kichocho, mwanafunzi asiingize ngozi majini, kwani vimelea hupenya hata pasipo jeraha. Achote akiwa ukingoni, amevaa glavu na buti. Mto ukifurika, safari iahirishwe.

Linalobaki gumu ni muda wa mwalimu, na hapo wapinzani wana haki kabisa. Safari za kila mwezi haziwezi kuwa hisani yake ya Jumamosi. Ziingizwe kwenye ratiba, na darasa linalohitimu likabidhi daftari la vipimo kwa linalofuata, pamoja na kurasa zenye makosa.