Chupa ya karela uvunguni kwa mama

Saa kumi na moja alfajiri, nyumbani Pasua hapa Moshi, nikasikia kishindo chumbani kwa mama. Naingia namkuta kakaa sakafuni kaegemea kitanda, kanga imelowa jasho chapachapa, mikono inatetemeka na ananiita jina la dada yangu aliyeko Dodoma. Mama ana kisukari, nikachukua mashine ya kumpima sukari, kidole kilikuwa cha baridi mpaka damu inagoma kutoka, nikakikamua kikamua ikaja kusoma 2.6. Kama hujui, ukishakuwa chini ya 4 tayari sukari imeshuka, ukifika kwenye mbili mtu anaweza kuzima kabisa. Nilikoroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, nikamnywesha kidogo kidogo huku nimemshika kidevu, baada ya robo saa nikapima tena ikawa 4.3 na akaanza kuniita jina langu.

Nilivyokuwa namtafutia ndala ndio nikaiona chupa uvunguni, zile za maji za lita moja na nusu, ndani kuna juisi ya kijani iliyotuama. Karela, lile tunda chungu la kijani lenye mabonde mabonde. Pembeni yake kopo la uwatu. Kumbe alikuwa na wiki mbili anapiga kikombe kizima kila usiku, juu ya vidonge vya kushusha sukari anavyopewa kliniki, metformini na glibenklamidi, na siku hiyo hata chakula cha usiku hakula vizuri. Nikamuuliza mama mbona hukuniambia, akasema "Mwanangu, kuna siku nilimwambia nesi natumia mlonge akanifokea mbele za watu, toka siku hiyo nikasema sisemi tena."

Hilo jibu limenikaa kifuani mpaka leo na ndio sababu naandika. Mi siamini kwamba mitishamba ndio iliyomwangusha mama, na wala siamini kwamba ni hospitali, kilichomwangusha ni kile kuficha. Glibenklamidi kazi yake ni kulikamua kongosho litoe insulini, ile inayoshusha sukari kwenye damu, haijali umekula au hujala. Karela nayo inaweza kushusha sukari. Sasa vitu viwili vinavuta upande mmoja na daktari anajua kimoja tu, atapangaje dozi?

Na wale mnaosema dawa za miti ni ushamba naomba mnielewe. Metformini, kidonge ambacho wagonjwa wengi wa sukari aina ya pili wanaanza nacho, historia yake inaanzia kwenye mmea unaoitwa galega ambao watu wa Ulaya waliutumia zamani. Watafiti waligundua kuna kitu ndani ya ule mmea kinashusha sukari lakini kina sumu, wakaenda kutengeneza maabara vitu vinavyofanana nacho vyenye afadhali, metformini yenyewe ilitengenezwa 1922 na daktari wa Ufaransa Jean Sterne akaja kuchapisha matokeo yake kwa wagonjwa 1957. Kwaiyo mti na kidonge ni ndugu. Tofauti ni kwamba kidonge kimeandikwa miligramu 500 na kesho kitakuwa 500, wakati karela ya soko la Kiboroloni ya leo na ya wiki ijayo hakuna anayejua ipi ina nguvu zaidi, na mama alikuwa anasaga kwa macho tu.

Uwatu ndio naupenda hasa. Ukiloweka kijiko cha zile mbegu usiku, asubuhi zimevimba na maji yana utelezi kama wa bamia, sasa ule utelezi ni nyuzinyuzi zinazofanya chakula kisagike taratibu na sukari iingie kwenye damu polepole badala ya kuingia yote kwa mpigo. Yani ni kitu unakiona kwa macho kikombeni. Ila huo huo utelezi unaweza kuchelewesha na vidonge, ndio maana ni vizuri kuachanisha muda. Mdalasini watu wanausifia sana, lakini 2012 watafiti wa Cochrane, kundi la kimataifa linalochambua tafiti za tiba, walikusanya majaribio ya mdalasini na ya karela wakasema ushahidi hautoshi, na mdalasini wa kasia ambao ndio umejaa madukani una kitu kinaitwa kumarini kikizidi kinaumiza ini. Weka kwenye chai, sawa, kujaza vijiko na vijiko hapana.

Kinachoniuma zaidi ni wauzaji wanaomwambia mgonjwa aache dawa. Kuna mmoja stendi aliniambia dawa yake ni siku 21 halafu tupa vidonge vyote, nikaionja ikawa tamu, nikauliza akasema kaweka asali. Dawa ya sukari ina asali jamani! Sisi watu wa huku tungekuwa makini kuliko wote maana 2011 tuliona magari yanavyopita Arusha na Mto wa Mbu kwenda Samunge kwa Babu wa Loliondo, yule mzee aliyekuwa anatoa kikombe cha dawa ya miti akisema kinatibu magonjwa sugu, kikombe shilingi 500, na walikuwepo walioacha dawa zao baada ya kunywa. Sheria ya tiba asili ipo toka 2002 na Baraza lipo la kusajili waganga na dawa zao, kwaiyo muulize muuzaji namba ya usajili, ni haki yako. Akikupa unga unaoshusha sukari haraka ajabu ndio uogope zaidi, Singapore 2008 watu zaidi ya mia moja wasio na kisukari walilazwa sukari imeshuka, wanne walifariki, na ikaja kuonekana wengi wao wana glibenklamidi mwilini, baadhi wakakiri walitumia dawa za nguvu za kiume, kumbe zilitiwa glibenklamidi kimyakimya.

Mwezi uliofuata nilienda na mama kliniki, chupa na kopo nimeweka kwenye kikapu. Tulipata daktari kijana, mama akaanza kujitetea kabla hajaulizwa, yule kijana akasema "Shikamoo mama, naomba nione," akafungua kopo akanusa, akauliza kijiko gani, saa ngapi, umeanza lini. Dakika tano tu. Akamwambia karela aache, glibenklamidi akaipunguza, uwatu akamruhusu ila apishanishe masaa mawili na vidonge, na apime asubuhi kabla ya kula aandike kwenye daftari. Manesi na madaktari mnaosoma hapa, nawaomba kwa heshima zote, ulizeni hivyo. Mgonjwa hataacha mlonge kwa sababu umemfokea, ataacha kukuambia.

Kwenye kadi ya mama sasa, chini ya metformini, kuna mstari kwa mwandiko wa daktari: uwatu, kijiko 1 cha chai, asubuhi. Aliuonyesha kwa majirani wote. Baba mdogo wa Machame naye ana kopo lake nimeshaambiwa, na anachoma insulini, Jumapili baada ya ibada napanda huko na mashine na boksi la vijiti vya kupimia.