Kabla Hujakubali Simu Ifutwe

Kioo cha simu ya mama kilizimika usiku mmoja, simu ikiwa imetulia mezani. Haikuwa imeanguka, wala haikuwa imeingia maji. Kesho yake akaipeleka kwa fundi, ambaye aliibonyezabonyeza, akasema tatizo ni programu, akaomba ruhusa ya kuiflashi. Mama hakulijua neno hilo, ambalo maana yake ni kupakia programu ya simu upya, mara nyingi kwa kufuta kila kilichomo, akakubali. Kioo kikabaki cheusi vilevile. Siku nne baadaye fundi mwingine aliifungua, akakuta utepe unaounganisha kioo na bodi, yaani sakiti kuu ya simu, umelegea. Akaurudisha mahali pake, kioo kikawaka, na simu ikamwuliza mama anataka kutumia lugha gani, kama vile imetoka dukani asubuhi hiyo. Rekodi za marehemu bibi akitutajia majina ya ukoo hazikuwamo tena.

Ndiyo maana nasema bila kusitasita kwamba simu haipaswi kufutwa kwa sababu tu kioo chake ni cheusi. Weusi huo ni dalili. Unaweza kuletwa na betri iliyokauka, chaja mbovu, mfumo ulioganda, utepe uliolegea, kioo kilichokufa au bodi iliyoungua. Kati ya hayo yote, kufuta data kunaweza kusaidia pale tu penye kasoro ya mfumo, na hata hapo si hatua ya kwanza.

Cha kwanza ni kujua kama simu iko hai. Ipigie kwa simu nyingine, kisha tega sikio kwenye simu yenyewe, maana mlio unaousikia kwenye simu unayotumia kupiga hautoshi. Ikiita au kutetemeka, basi inafanya kazi, na huenda ugonjwa uko kwenye kioo au njia ya kufikia kioo. Kama kioo chake ni cha LCD, yaani kile kinachomulikwa na taa iliyo nyuma yake, ingia kwenye giza ukimulike kwa tochi kwa pembeni. Ukiona picha hafifu, kilichokufa ni taa ya nyuma ya kioo. Kwa kioo cha OLED jaribio hili halina maana, kwa kuwa kila nukta yake hutoa mwanga yenyewe.

Halafu kuna jambo ambalo hata mafundi wengine hulisahau. VoiceOver ya iPhone na TalkBack ya Android, huduma zinazowasomea wasioona yaliyomo kwenye skrini, zinaweza kuficha picha kwa makusudi huku simu ikiendelea kufanya kazi. Kwenye iPhone, VoiceOver ikiwa imewashwa, kugonga kioo mara tatu kwa vidole vitatu huficha picha, na kugonga tena hivyohivyo huirudisha. Simu inayotamka kila unachokigusa huku kioo kikiwa cheusi huenda haina ugonjwa wowote.

Isipoonyesha dalili ya uhai, ilazimishe kujiwasha upya. Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa mapema: hubonyeza sekunde mbili, wakaona kimya, wakaacha. Simu nyingi za Android zinataka kitufe cha kuwashia kishikiliwe hadi sekunde 30. Samsung huwashwa upya kwa kushika kitufe cha kupunguza sauti pamoja na cha pembeni kwa zaidi ya sekunde 7. Kwa iPhone 8 na zilizofuata, bonyeza na kuachia haraka kitufe cha kuongeza sauti, fanya hivyo kwa cha kupunguza, kisha shikilia cha pembeni mpaka nembo ya tufaha itokee, na usikiachie kabla. Njia hii hufanya kazi hata mfumo ukiwa umeganda kabisa, kwa kuwa haimwombi ruhusa mfumo huo. Wala haifuti chochote. Irudie mara mbili tatu.

Isipoitika bado, ichaji. Betri iliyokauka kabisa hupokea umeme kidogokidogo mwanzoni, na kioo kinaweza kubaki cheusi kwa muda mrefu, kwa hiyo iache saa nzima kabla ya kuhukumu. Badilisha waya, badilisha na kichwa cha chaja. Mulika tundu la chaji: vumbi na nyuzi za mfukoni hushindiliwa humo mpaka waya usishike vizuri. Yachokoe taratibu kwa kijiti cha mbao, simu ikiwa imezimwa, usitumie sindano. Ila mgongo wa simu ukiwa umeinuka, betri imevimba. Usiichaji, usiibonye, ipeleke kwa fundi. Na iliyoingia maji usiichaji wala usiifukie kwenye mchele. Apple wenyewe wameonya kwamba chembe za mchele zinaweza kuiharibu.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Android imelazimisha usimbaji wa data, yaani kuifunga isisomeke bila ufunguo, kwenye simu mpya tangu toleo la 10 la mwaka 2019, na iPhone ilitangulia miaka mingi. Simu ya namna hii ikifutwa, ufunguo wa kuisomea data hupotea, na hakuna fundi atakayevirudisha vitu vyako kutoka ndani yake. Lakini kioo kikibadilishwa tu, kila kitu hubaki kilipokuwa. Baadhi ya simu zenye tundu la USB-C zinaweza hata kuonyesha picha kwenye televisheni na kutumia mausi, ukahamisha vitu vyako kabla ya matengenezo kuanza.

Kwa hiyo fundi akikwambia ni programu, mwulize amejuaje. Je, amejaribu kioo kingine kizima? Je, amefungua akatazama utepe? Fundi wa pili, kabla hajashika bisibisi, alimwuliza mama kama kuna kitu ndani ya simu anachokihitaji. Mama akamtajia rekodi zile. Yule wa kwanza hakumwuliza.