Kusikiliza mtandaoni au kupakua: wimbo ukishaupata, uuweke wapi?

Machi 2019 Myspace, mtandao wa kijamii uliopendwa na wanamuziki, ilikiri kwamba nyimbo ambazo watumiaji wake walikuwa wamezipakia zaidi ya miaka 3 nyuma zilipotea wakati wa kuhamisha seva. Zilikadiriwa kuwa zaidi ya milioni 50, nyingi za wanamuziki wadogo ambao hawakuwa wameziweka mahali pengine. Mwezi uliofuata Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, ilitoa nyimbo 490,000 zilizookolewa. Ziliokoka kwa sababu watafiti waliokuwa wakichunguza mitandao ya muziki kati ya 2008 na 2010 walikuwa wamezipakua.

Nimeanza na Myspace kwa sababu ubishi wa kusikiliza mtandaoni au kupakua huishia kwenye urahisi, na kwa urahisi anayepakua hana pa kushindia. Spotify, Apple Music na YouTube Music zimeweka makumi ya mamilioni ya nyimbo mkononi mwa mtu, na huhitaji kuhesabu nafasi iliyobaki kwenye simu. Zimewatoa watu wengi kwenye wizi wa nyimbo ulioshika kasi tangu Napster, huduma ya kubadilishana mafaili ya nyimbo, ianze mwaka 1999. Hilo ni jambo kubwa na sioni sababu ya kulibeza.

Kwenye kugundua muziki mpya ndiko zinakong'ara zaidi. Tangu 2015 Spotify humpa msikilizaji nyimbo 30 kila Jumatatu, zilizochaguliwa kwa kulinganisha anachosikiliza na orodha za watu wenye ladha inayokaribiana na yake. Kazi hiyo mashine inaifanya vizuri. Tatizo ni kwamba mwanamuziki aliyetoa wimbo wake wa kwanza jana hana wasikilizaji wa kulinganishwa nao, na aliyependa mtindo mmoja huendelea kuletewa binamu wa mtindo uleule.

Njia ya kugundua muziki ninayoiamini zaidi ni kusoma majina. Chukua wimbo uliokugusa, tazama nani alipiga besi, nani aliutayarisha, nani alichanganya sauti. Kisha ingia Discogs au MusicBrainz, tovuti zinazoorodhesha rekodi na walioshiriki kuzitengeneza, ubofye jina hilo uone kazi zake nyingine. Mpiga besi mmoja wa studio anaweza kukufikisha kwenye albamu za mitindo ambayo wewe mwenyewe usingeitafuta, na za miaka ambayo algoridhimu imeshaisahau kwa kuwa wasikilizaji wake ni wachache. Inachukua jioni nzima, ni kweli. Lakini muziki unaoupata hivyo unaujua ulikotoka, na kwangu hilo linabadilisha hata namna ya kuusikiliza.

Ukishaupata, swali ni kuuweka wapi, na hapa kitufe cha kupakua ndani ya programu za kusikiliza kinawapotosha wengi. Unachopata ukikigusa ni data iliyofungwa, isiyochezeka nje ya programu hiyo. Spotify inataka uingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30, la sivyo nyimbo hizo zinagoma. Ukiacha kulipa, zinaondoka. Januari 2022 mwanamuziki Neil Young aliziondoa nyimbo zake Spotify akipinga upotoshaji kuhusu chanjo za UVIKO-19 katika podikasti moja iliyokuwa humo, na hazikurudi hadi 2024. Alikuwa na kila haki ya kufanya hivyo. Waliokuwa wamezinunua kama mafaili waliendelea kusikiliza kwa miaka yote 2. Waliokuwa wamezihifadhi ndani ya programu walikuta orodha zina mapengo.

Kwa upande wa malipo, mizani inaegemea zaidi kwenye kununua. Katika mfumo unaotumiwa na huduma nyingi kubwa, ada yako haiendi moja kwa moja kwa wale unaowasikiliza. Inaingia kwenye mfuko mmoja, na mfuko unagawanywa kwa kufuata sehemu ya kila mwenye haki katika usikilizaji wote. Tangu 2024 Spotify hailipi wimbo ambao haujasikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12. Wanaoitetea kanuni hiyo wanasema visenti hivyo mara nyingi vilikwama kwa wasambazaji, na kwamba inawabana wanaopakia makelele kwa maelfu ili wavune malipo. Hoja hiyo ina uzito, ila anayeanza ndiye anayeumia nayo. Bandcamp, duka la mtandaoni ambako wanamuziki huuza kazi zao wenyewe, hukata asilimia 15 ya mauzo ya muziki wa kidijitali, na mnunuzi anachukua faili la MP3, au la FLAC ambalo halipunguzi sauti, lisilo na kufuli. Nikiwa na fedha ya albamu moja tu, naipeleka huko au kwenye tovuti ya msanii mwenyewe.

Tovuti za kupakua bure bila ruhusa zina wateja wao, na si wote ni wachoyo. Wengine hawana njia ya kulipa mtandaoni. Lakini tazama unachopewa. Ukurasa una vitufe 3 vya kupakua, viwili ni matangazo. Faili limeandikwa 320 kbps, yaani kiasi cha data ya sauti kwa kila sekunde; namba ikiwa kubwa, sauti hutarajiwa kuwa bora. Lifungue kwenye Spek, programu ya bure inayochora masafa ya sauti, na mara nyingi utaona mchoro umekatika ghafla kwenye kilohezi 16, dalili ya wimbo uliobanwa kwa 128 kisha ukahifadhiwa upya kwa namba kubwa. Faili limenenepa, sauti iliyotupwa haijarudi. Mtayarishaji hatajwi, na palipopaswa kuandikwa jina la albamu pamebandikwa anwani ya tovuti. Ile njia ya kusoma majina inafia hapo.

Asiye na uwezo ana pengine pa kwenda. Free Music Archive na Jamendo zimejaa muziki ambao wenyewe wameutoa kwa leseni za Creative Commons, zinazoruhusu watu kuusambaza bure kwa masharti, na kwenye Bandcamp wapo wengi wanaomwachia msikilizaji aamue bei, kama bendi ya Radiohead ilivyofanya kwenye tovuti yake na albamu yake mwaka 2007.

Kinachonipa taabu ni muziki usiouzwa popote: rekodi ambazo kampuni zake zimekufa, kanda ambazo hakuna aliyezigeuza kuwa za kidijitali isipokuwa shabiki mmoja aliyezipakia kwenye tovuti yake. Sheria ya haki miliki haimpi shabiki huyo ruhusa kwa sababu tu bidhaa imeadimika. Mimi simlaumu, wala anayepakua kwake, maana vinginevyo kanda hizo zingeoza. Ninachomdai shabiki huyo ni aandike majina yote yaliyo kwenye jalada na aondoe faili siku mwenye haki atakapoanza kuuza.