Kabla hujaondoka Kraków, vuka mto

Juzi rafiki yangu alinitumia ratiba yake ya Kraków, mji wa Poland: siku ya kwanza uwanja mkuu wa Rynek na mgodi wa chumvi wa Wieliczka, siku ya pili Auschwitz, ile kambi ya mauaji ya Wanazi, jioni uwanja wa ndege. Akauliza, "Nimesahau kitu?" Umesahau, ndugu yangu, na wanaosahau ni wengi mno. Ndiyo maana najibu hapa hadharani.

Rynek nenda, sikuzuii. Uwanja huo umekuwepo tangu 1257. Kila saa askari wa zimamoto hupiga tarumbeta juu ya mnara wa kanisa la Mtakatifu Maria, na wimbo hukatika ghafla. Hupiga pande nne, kwa hiyo usikimbie baada ya mara ya kwanza. Panda Wawel, kilima chenye kasri la wafalme. Mkate wa obwarzanek ununue asubuhi, kwani jioni huwa mgumu.

Halafu teremka Kazimierz, mtaa wa zamani wa Wayahudi, vuka mto Wisła kwa daraja la miguu la Bernatka, uingie mtaa wa Podgórze. Dakika chache tu mbele utakuta uwanja wenye viti vya chuma vitupu, vimesimama mbalimbali, vile vikubwa vikiwa 33. Zamani uwanja huo uliitwa Plac Zgody, Uwanja wa Maafikiano. Machi 1941 Wajerumani waliwarundika Wayahudi wa mji huo katika mitaa michache ya hapo na kuizungushia ukuta. Uwanjani ndipo walipokusanywa kupelekwa kambi ya Bełżec kuuawa. Machi 1943 waliobaki wakamalizwa: wenye nguvu walipelekwa kambi ya kazi ya Płaszów, wengine waliuawa palepale au kupelekwa Auschwitz. Vyombo vyao vya nyumbani vikabaki vimetupwa nje. Vyombo hivyo ndivyo viti vile vinavyovikumbusha.

Nilipofika, kijana mmoja alikuwa amepanda juu ya kiti kwa viatu, amenyoosha mikono kama mabawa, mwenzake akimpiga picha. Damu ilinichemka. Nikawasogelea, nikawauliza kama wanajua viti vile ni vya nini. Hawakujua. Kiongozi wa msafara wao aliwashusha hapo wanyooshe miguu kwa dakika kumi, asiwaambie neno. Nilipowaeleza, aliyekuwa juu alishuka, akapangusa kiti kwa mkono wa sweta lake. Hasira yangu kwake iliishia hapo. Kwa yule kiongozi bado ninayo.

Pembeni mwa uwanja kuna duka la dawa la Tadeusz Pankiewicz, Mpoland asiye Myahudi aliyekataa kuhama, akaendelea kuhudumia watu ndani ya ukuta. Sasa ni makumbusho madogo. Fungua droo, soma yaliyoandikwa, usiharakishe. Ukitoka, nenda mtaa wa Lwowska ukaone kipande cha ukuta kilichobaki: juu kimepindwa kama mawe ya makaburi. Waliofungiwa ndani walikuwa wakikiona kila siku.

Nimekulia Meru, karibu na Arusha, na shuleni tulipelekwa kuona makaburi ya Wapoland pale Tengeru. Habari yao ni nyingine: Wasovieti waliwatoa makwao, wakawapeleka Siberia, wakapitia Iran hadi Tanganyika. Lakini nikiwa mtoto nilikuwa najiuliza kwao waliacha nini, nani alikalia viti vyao. Sikutarajia kukutana na swali lile utu uzimani, katika mji wa mbali, limesimamishwa kwa chuma.

Nakubali kwamba viti vidogo vya kituoni watu huvikalia wakisubiri tramu, na sina ugomvi nao. Wakazi wana maisha yao. Siku ile bibi mmoja alikalia kimojawapo, mfuko wa viazi mapajani, kitambaa kimefungwa chini ya kidevu. Hakupiga picha, hakutazama simu. Tramu ilipokuja akanyanyuka taratibu, akashika mgongo wa kiti kujiinua, akaenda zake.

Ondoa kitu kimoja kwenye ratiba yako, ndugu yangu. Uende pale.